Kitanda cha Mwenye Nyumba

Jumapili, 6 Oktoba 1974

Tumehamia Edgbaston, mtaa wa wenye pesa hapa Uingereza. Mume wangu Fanuel anaiita "flati ya kifahari" — maneno ya tangazo la gazeti, ameyakariri utadhani ni andiko. Kila kitu kimo ndani: sofa, sahani, vijiko, mapazia, kitanda. Sisi tumekuja na masanduku ya nguo na picha ya mtoto wetu Kerubo basi. Kule kwa rafiki yetu Jasbir, mtaa wa Balsall Heath, tumeacha vyumba viwili na choo cha uani. Kitanda chetu wenyewe Fanuel amekiuza, hata hakuniuliza!

Hapa choo kiko ndani. Ndani kabisa: unapita chumbani mwetu, kando ya kitanda, ndipo ufike. Fanuel asema ndiyo maisha ya kisasa. Na sakafuni wamelaza zulia. Zulia chooni! La manyoya, rangi ya waridi, limekizunguka choo chote. Nimelikanyaga na soksi, soksi ikalowa. Sikutaka kujua imelowa nini.

Jumanne, 8 Oktoba

Off leo, sina zamu. Nimeinua godoro nilisafishe. Heri nisingeinua! Madoa juu ya madoa, ya kahawia, ya manjano. Ndani ya foronya "safi", unywele mrefu wa mtu. Kwenye droo ya kitanda, kucha za miguu. Za mtu! Wodini nabeba vyombo vya haja vya wagonjwa kila siku na sijawahi kutapika. Leo nimetapika.

Nimempigia simu Mrs. Pritchard, mwenye nyumba. Kasema wapangaji waliotutangulia walikuwa watu wazuri mno, bwana alikuwa wakili. Haya, kucha za wakili! Nimesugua na Dettol mpaka vidole vimechubuka. Nitalala kwenye sofa. Fanuel amenuna, na anune.

Navumilia kwa sababu moja tu. Baba mkwe anakuja. Ana mkutano wa kanisa London, atapitia kwetu aone Kerubo atakaa wapi. Yeye na Mama mkwe ndio wamemlea tangu nilipomwachisha ziwa. Akiridhika, Krismasi mtoto yuko hapa. Asiporidhika, Kerubo hatoki Kisii — alishasema, na Mzee Bethuel si mtu wa kubadili neno. Ndiyo maana Fanuel alitaka fahari. Mwanangu ana miaka mitano na hajui sauti yangu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mzee amefika. Kofia, koti la kuazima, Biblia kwapani. Amezunguka sebule, ambamo atalala kwenye sofa (mimi nimerudi kitandani kwa Fanuel), amegusa mapazia, amesema vizuri, vizuri. Fanuel meno yote nje. Nikampa maziwa ya moto. Nikamwongezea. Baadaye kidogo Mzee akamwuliza mwanawe, kwa sauti ya chini, nje ni wapi, yaani choo.

Fanuel akamwonyesha mlango wa chumba chetu.

Nilitamani sakafu inimeze. Kwetu baba hapiti chumbani kwa mwanawe aliyeoa. Hapiti, hachungulii, hata shuka langu hapaswi kuliona. Fanuel anajua! Amelelewa hivyo! Lakini siku ya kukodi macho yake yote yalikuwa kwenye madirisha makubwa. Mzee akafika pale mlangoni, akaona pembe ya kitanda, akageuka haraka akaelekeza uso ukutani. Akasema hana haraka. Akachukua kofia yake akashuka ngazi. Nimeona haya mpaka masikio yamewaka moto.

Ijumaa, 18 Oktoba

Sasa tunajua anakokwenda. Baa! Mzee wa kanisa, Msabato asiyegusa hata majani ya chai, anaingia baa ya pale pembeni kujisaidia. Asubuhi ilikuwa bado imefungwa, akasimama kwenye mvua mpaka wakafungua. Amemwambia Fanuel mwenye baa ni mtu mwema, humwuliza kama atakunywa nusu painti ya bia, naye humjibu kwamba anapita tu.

Maziwa yangu hanywi tena. Anaogopa. Nimempikia uji, ameonja kijiko, ameshukuru, ameusukuma kando. Fanuel asema atazoea, hapa ni Uingereza. Baba yako mzazi! Nimemtazama mume wangu akifuta vumbi kwenye taa isiyo yake, na nimechukizwa naye. Nimeandika, sifuti.

Jumamosi, 19 Oktoba

Sabato. Mzee hakutaka kutoka kanisani. Kuna choo kule, tena mlango wake uko kwenye ukumbi. Amesali sana.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimetoka zamu, nafungua mlango — sebule imejaa kitanda! Fanuel amemwita Jasbir, wamekibeba mpaka sebuleni ili chumba kibaki kitupu, njia tu ya kupita. Jasbir anafuta jasho. "Mama Kerubo, mimi nasema yeye hii mambo mbaya. Yeye hapana sikia."

Huyu Mhindi wa Kisumu anajua mila zetu kuliko mume wangu! Kitanda tunacholala mimi na Fanuel sasa kiko pale Mzee anapokula, anapolala, anapoomba. Godoro wazi, madoa yote juu, mchana kweupe. Nikasema kirudisheni, upesi, upesi! Hatukuwahi. Mzee akaingia, anatoka baa, kofia mkononi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aligeuza uso, akauliza kile ni kitu gani.

Fanuel — Mungu amsamehe — akasema, Baba, hiki si kitanda chetu. Ni cha mwenye nyumba. Vyote humu ni vya mwenye nyumba, kwa hiyo hakuna mwiko wowote.

Jasbir akatazama viatu vyake.

"Kumbe," Mzee akasema. "Kiti si chako. Kijiko si chako. Na binti wa watu umemlaza kwenye kitanda cha mtu mwingine." Bado anautazama ukuta. "Nikikuletea Kerubo, naye atakuwa wa nani?"

Fanuel akanigeukia mimi, eti nimjibie!

Nimekimbilia jikoni, nimefunga mlango, naandika. Namsikia Jasbir akimwambia Mzee kwake nafasi iko, gari iko chini. Sasa wanashuka ngazi. Fanuel anagonga. Anasema nitoke nishike miguu ya kitanda, tukirudishe chumbani, Mzee akikuta kimerudi hasira zitamwisha. Kitanda! Mtoto anatuponyoka, yeye bado ni kitanda!

Nimechungulia dirishani. Mzee ameshaingia garini. Jasbir amesimama kando ya mlango, anatazama juu huku kwetu, hajawasha gari, ni kama ananingoja mimi.

Fanuel anagonga tena. Mimi bado sijavua koti.