Mama Mkwe Ameuliza Mtoaji Wetu Anakula Nini

Jumamosi, Nyamitaba. Mvua inapiga tangu asubuhi na ng'ombe wa jirani wamejibana chini ya paa la jiko letu. Mimi nina furaha hadi siwafukuzi.

Tumechagua.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: nina miaka ishirini na tisa, ninafundisha biolojia, na vifuko vyangu vya mayai vimezeeka kabla yangu. Tumbo la uzazi ni zima. Kwa hiyo yai litatoka kwa mwanamke mwingine, mbegu kwa mume wangu Bahati, na mimba nitaibeba mimi. Kwa majuma matatu nimelinganisha kliniki mbili, moja ya Kampala na moja ya Nairobi, mpaka nikawa naziota.

Nakiri jambo. Katika orodha za watoaji wa mayai nilikuwa natafuta pua. Pua yangu, paji langu, urefu wangu, ili huku kwetu, ambako watu husoma kabila usoni, asiwepo wa kuuliza mtoto katoka wapi.

Nilikuwa nawachagulia majirani.

Tena nilimwogopa mama mkwe. Anaishi Itebero, msituni. Kanisani hakosi Jumapili, lakini miiko ya ukoo haiachi. Nilikuwa na hakika atasema mtoto si wangu. Jumatatu Bahati alimpigia simu, akaweka sauti ya juu, akamweleza yote. Mama mkwe akauliza papo hapo:

"Sasa huyo mwanamuke, anakulaka nini?"

"Mama?" Bahati akashangaa.

"Nauliza, anakulaka nguruwe ya pori? Kwetu ile iko mwiko, unajua."

"Mama, ile ni hospitali, haiko soko!"

"Hata ku soko tunaulizaka. Na wewe binti, uache kulia, nakusikia. Utabeba wewe, utazaa wewe. Miye nauliza chakula tu."

Kweli nilikuwa nalia. Sikujua.

Niliona haya, lakini niliziandikia kliniki zote mbili swali lile lile. Ya Nairobi, yenye picha nzuri, ilinitumia tena orodha niliyokwisha kuisoma. Ya Kampala, nesi alimpigia mmoja wa watoaji wa orodha yao, namba saba, kisha akaniandikia: amecheka sana. Nyama hali kabisa tangu utotoni. Anapenda maharage, viazi vitamu, na ukoko wa wali, hasa ukiwa umeungua kidogo.

Namba saba hana pua yangu. Nilirudi kuangalia picha yake nikitafuta kujuta, sikuona majuto yoyote. Mtu aliyelicheka swali letu na bado akalijibu, ndiye ninayemtaka.

Leo saa nne nimetuma ndiyo. Vidonge vya kuandaa tumbo naanza Jumatatu. Bahati anaimba jikoni, anaimba vibaya, na simnyamazishi.

Mama mkwe anataka kumtumia mwanamke huyo asali. Kanuni za kliniki haziruhusu tufahamiane, ila nesi amekubali kumfikishia ujumbe mfupi usio na jina.

Hapo ndipo nimekwama. Unamshukuruje mtu kwa kitu ambacho hakijawa mtu? Nimeandika, nimefuta. Mara ni barua ya ofisi, mara ni sala. Mara ya tano nilijisikia kama naomba msamaha, nikachana karatasi.

Sasa nina karatasi mpya. Ina neno moja tu, na hilo silifuti.

Dada.