Mchicha Uliokufa Njaa Juani

Jumatano, 1958

Mchicha wote umekufa, na sikulia.

Wifi amekuja leo na majani mawili mkononi, yamepauka katikati na kukauka kingoni. Mimi nimekaa eda, sitoki, kwa hiyo yeye ndiye anayenimwagilia bustani ya bondeni tangu kaka yake, mume wangu, afariki. Kumbe alitumia debe la marehemu, lile alilochanganyia dawa ya kuua magugu relini kule bandarini. Alidhani ni la maji.

"Wifi, nisamehe," akasema. "Bwana shamba kanieleza. Maji yapo, jua lipo, jani linapokea mwanga kama kawaida, lakini ile dawa inalizuia kuugeuza kuwa chakula. Linakufa njaa pale pale juani."

Alilia sana. Akaomba akalitupe debe. Nikakataa, nikamwambia alirudishe nyuma ya mlango, mahali pake.

Nikitoka eda sijui nitauza nini Kariakoo. Nilipaswa kuogopa, lakini...

Kila asubuhi jua huingia dirishani likanimulika hapa kitandani mpaka mchana. Najua ni jua kwa sababu naliona tu; joto lake silisikii.