Nembo Niliyokataa Kuifumua

Bertrams, Jumanne usiku

Nina miaka sabini na mbili. Vita vya kwetu Kongo havikuniweza, wake wawili nimezika, na hata mpiga ngoma wa kwanza wa ile bendi ya Marekani tunayoipenda mimi na mwanangu, ile ya hevi metali, muziki wa magitaa makali, amekufa mimi nipo.

Leo mwanangu Didier kaniletea koti lake la jinzi. Nembo ya bendi mgongoni niliishona mimi kwa mkono, alipomaliza shule. Johannesburg nzima hakuna fundi wa kushona vile.

"Papa, fumua hiyo, weka hii mpya. Wamebadilisha."

Wamebadilisha! Mwimbaji wamemfukuza, nywele wamekata, magitaa wameyalainisha mpaka yanafaa harusini. Sasa na nembo, kama ya duka la dawa.

"Sifumui."

"Eish, Papa! Bendi inakua, wewe umegoma tu."

Akalichukua koti, akampelekea fundi mwingine, wa mtaa wa Kensington. Kila Jumapili alikuwa anakuja tusikilize kanda zetu za zamani. Sasa sijui kama...

Nilisema kweli, sirudi nyuma. Mama Furaha msusi, ninayefanya naye kazi chumba kimoja, alikuwepo. Atashuhudia kwamba mbele ya mtoto sikulia.