Kanisa Lililopanda Orofani

Ganjoni, Mombasa
Jumatatu jioni

Kaka yangu Kenga,

Amani ya Bwana iwe kwako, kwa wifi yangu Winnie na kwa watoto. Naomba barua hii iwakute wazima, na baridi ya Nairobi isiwe inawatesa sana. Sisi huku twashukuru Mungu, ni joto tu linalotuchosha. Habari za Mama nitakupa mbele. Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ningepiga kelele, na wewe ni mkubwa wangu. Utanivumilia nikianzia mwanzo, hata kwa yale unayoyajua.

Kanisa letu la zamani halipo tena. Lilivunjwa mwaka jana baada ya Pasaka, pamoja na nyumba ya mchungaji na ule ukumbi wa akina mama. Sikulililia. Paa lilikuwa likivuja juu ya kwaya, na malori ya Shimanzi yakipita, madirisha yalitetemeka hata mahubiri hayasikiki. Mama mwenyewe alisema nyumba ikichoka ijengwe nyingine. Lakini lile kanisa bovu lilikuwa na mlango wa ubavuni ulio sawa na ardhi. Tangu akatwe mguu kwa ajili ya sukari, Mama alikuwa akiingilia hapo na kiti chake cha magurudumu mpaka mbele kabisa, akaimba na wenzake kama zamani.

Jengo jipya ni zuri, sitasema uongo. Chini ni maduka ya kupangisha, na duka la dawa limeshaingia. Kanisa lenyewe liko orofa ya pili. Ngazi ni pana, za marumaru, zinang'aa. Lifti tuliambiwa itakuja baadaye, Mungu akijalia.

Siku ya kulifungua, vijana walimbeba Mama na kiti chake. Walikuwa na nia njema. Lakini penye kona ya ngazi kiti kiliinama, leso ikateleza, na kile kigutu kikawa wazi mbele ya wageni, watu wakiwa na simu zao juu wanapiga picha. Mama yetu, ambaye hata kichwa wazi hajawahi kutoka nacho mlangoni! Aliimba mpaka mwisho wa ibada. Jumapili iliyofuata, nilipomletea gauni lake, akasema kifua kinambana. Na iliyofuata, kifua tena.

Nilimwendea Mzee Kadenge, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Alinisikiliza akitabasamu, kisha akasema jambo hilo wameshalifikiria: stoo iliyo nyuma ya maduka itatiwa televisheni, wasioweza kupanda waifuatie ibada humo, na Meza ya Bwana wataletewa wengine wakishamaliza. Stoo, Kenga! Mle mnawekwa makopo ya rangi na mifagio. Bi Tumu wa Kuze, yule rafiki wa Mama tangu utoto wetu, nilipomsimulia aliacha kunywa kahawa yake akaniuliza, "Kwani kwenu Wakristo, nyumba ya Mungu huingia wenye miguu peke yao?" Nilitamani ardhi inifiche.

Basi kwenye mkutano wa usharika nilisimama. Wanijua, mimi si msemaji. Nilisema hao wanaopelekwa stoo ndio waliofagia kanisa hili na kulipigia magoti wakati sisi wengine tumelala. Nikasema aliyelichora jengo hili hana mama. Nililitamka kwa sauti, tena mara mbili. Mzee Kadenge akainuka, wala hakuwa na hasira, akasema taratibu, "Binti yangu, sisi tulitaka kanisa liwe chini. Kakako ndiye aliyetushawishi tuweke maduka. Alituchorea kwa mapenzi yake, akatuomba tusimtaje."

Nilikaa. Sijui mkutano uliishaje.

Kenga, ile Krismasi ya mwisho kabla kanisa halijavunjwa ulikuja nyumbani. Ulikisukuma kile kiti kwa mikono yako mpaka baharini, mkala mihogo ya kuchoma na Mama. Uliporudi kwenye meza yako ya kuchorea, ulikisahau vipi? Au hukukisahau, ila uliona kodi ya maduka ina uzito zaidi?

Nilikwenda nyumbani nikilia nimweleze Mama. Kumbe alikuwa akijua tangu msingi unachimbwa. Kifua hakikuwa kikimbana hata siku moja. Aliniambia, "Nikilalamika, watamsema mwanangu." Akaniapisha nisikuguse kwa neno lolote.

Kiapo hicho nimekivunja. Na jana nilifanya na jingine. Nilimbembeleza Mama mpaka akakubali kutoka, nikamsukuma hadi kibarazani mwa duka la dawa, nikaketi kando yake nikaanzisha wimbo. Akina mama wa kwaya wakaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine, na majoho yao. Mchungaji alisimama juu ya ngazi akitazama juu, akitazama chini, mwisho akashuka na Biblia yake. Ibada ikaishia pale kibarazani, tuktuk zikitupigia honi.

Leo asubuhi kamati imekubali kwamba duka kubwa la mbele, ambalo bado halijapangishwa, liwe kanisa, ukuta wa kati ukiondolewa. Lakini hawathubutu kuugusa mpaka aliyechora aje autazame. Wanakungoja. Nami nakungoja, ingawa sijui nitakupokea kwa uso gani.

Nibusie watoto, na Winnie mwambie mkeka wake uko tayari. Mama hajui niliyoyaandika humu, anadhani ni salamu tu. Amenituma nikwambie kwamba kanisa lako ni zuri sana, na kwamba yeye hana neno lolote moyoni.

Hilo la kwanza ni kweli.

Ni mimi dada yako,
Mbodze