Akaunti Mbili, Zote Bi Mkubwa

Jumanne, 14 Januari

Mkopo wa serikali wa masomo umeingia leo, benki ya kwanza. Nusu nimeshaihamishia ya pili, ili nayo ione hela inaingia. Simu inasema "zinapatikana" pauni mia tisa. Zinapatikana, ndiyo. Zangu hata moja hakuna — ni ovadrafti, ruhusa ya mwanafunzi kutumia hela ya benki bila riba.

Orla, ninayeishi naye nyumba hii hapa Hull, anacheka mpaka anakohoa. Kila benki iliniuliza: hii ndiyo akaunti yako kuu, mkopo wote utaingia hapa? Nikajibu ndiyo, kotekote. Akaunti mbili na zote bi mkubwa — hapo hakukaliki. Ila ya pili ilikuja na kadi ya bure ya kupunguziwa nauli ya treni. Niliitaka ili niwe naenda Scarborough kwa Babu. Ningefanyaje?

Ijumaa, 24 Januari

Barua pepe, benki ya pili. Hawajaona mkopo wangu ukiingia. Wasipouona kufikia mwisho wa mwezi, ovadrafti wanaiondoa. Na kodi ya nyumba inakatwa humo humo!

Nimepiga simu. Dada wa huko mpole kabisa. "Mpenzi, sisi tunaangalia jina la anayeleta. Hii umejiletea mwenyewe." Akauliza, je, una akaunti nyingine ya mwanafunzi mahali?

Nikakata.

Jumatatu, 3 Februari

Kodi imegoma kukatwa.

Ovadrafti imeondolewa, na ile nusu niliyohamisha kwa ujanja wangu imemezwa yote kuziba shimo. Ya kwanza nayo imebaki na vumbi. Mshahara wa dukani ni mwisho wa mwezi. Wakala wa nyumba kaandika: lipa kabla ya Alhamisi, la sivyo tunampigia mdhamini.

Mdhamini ni Babu. Alitia sahihi kwa biro yake ya Jumapili, akaniambia kazi yangu ni kusoma tu. Dereva wa basi mstaafu, hajawahi kuchelewesha kodi. Ana akiba ya kubadilisha boila, mtambo wa kupasha nyumba joto, maana ya sasa inakohoa tu na anavaa koti ndani ya nyumba. Siogopi kwamba atagomba. Naogopa kwamba atalipa.

Jumatano, 5 Februari

Orla kanikopesha sitini. Si haba, lakini haifiki popote.

Babu kapiga. Nusura nizimie, kumbe ni bomba la jikoni. "Bado linavuja hilo? Kesho nakuja na spana." Nimeshindwa kumwambia asije. Nitamwambia yote uso kwa uso. Lazima.

Alhamisi, 6 Februari

Yupo. Kalala chali chini ya sinki, miguu imetokeza nje, anapiga mluzi.

Nimefungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza akaomba tochi. Ya pili akamwambia Orla, "Huyu wangu karithi kichwa cha bibi yake. Deni halijui." Orla akatazama viatu vyake. Nami nikasema nakwenda kuleta taulo, na sasa nimekaa juu ya ngazi, taulo ninalo, naandika kama mwendawazimu. Chai ikiiva nasema. Nashuka, nasema.

Simu inaita. Yake — hakuna nyingine yenye mlio mkubwa hivyo.

"Halo? Ndiye mimi. Mdhamini, ndiyo. Bryony ni mjukuu wangu."

Mluzi umekwisha. Nasikia anajivuta kutoka chini ya sinki, magoti yanalia. Orla anasema kitu, sikisikii.

"Hapana mama, hujakosea namba. Ngoja nitoe kadi." Anasoma tarakimu, polepole, moja moja, kama anavyosoma namba za mabasi.

Nimesimama. Nimekaa tena.

"Na tafadhali," anasema, sauti ameishusha, "yeye msimwambie ni mimi. Ana mitihani."