Sanduku la Joto

4 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limepoa. Mimi mwili mzima, moyo ndio umechoka. Leo nilipeleka wodini lile sanduku langu la joto la watoto njiti. Nesi mkuu akafungua mlango, akamgeuza mwanasesere wa majaribio, akafunga. Joto likapanda, likapitiliza. "Hapa ungekuwa umetuchomea mtoto," akasema. Nimebakiwa na jaribio moja tu, na kosa kwenye programu silioni. Natamani kurudi nyumbani.

Binti yako

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba, kipenzi. Goti hunisumbua nikipiga magoti kusali, na siku hizi kwa ajili yako napiga kweli. Nyumbani ni kwako, njoo hata kesho, ila ujue cherehani imeshateka chumba chako. Mimi shule niliishia ya msingi. Nikiombea "ile mashine" tu, naona naomba kijuujuu. Hebu nieleze taratibu, nijue namwomba Mungu nini hasa.

Mamako

19 Machi

Mama,

Shikamoo, umenichekesha! Hujambo lakini? Basi sikiliza. Programu inajiuliza mambo matatu: joto limepungua kiasi gani sasa; jumla ya baridi yote tangu lipungue ni kiasi gani; na joto linapanda au kushuka kwa kasi gani. Majibu hayo ndiyo yanaiambia hita iwake kiasi gani. Mlango ukiwa wazi, hita inawaka mpaka mwisho wake, haina pa kuongeza tena, lakini programu bado inajumlisha tu baridi, halafu mlango ukifungwa inaendelea kuchoma ili imalize jumla yote—

Mama! Ni hapo! Hita ikifika mwisho, kujumlisha kusimame. Nakimbilia kazini.

Binti yako

16 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima, Mungu asifiwe. Kimya chako kilinikondesha, lakini barua na picha vimefika. Eti nesi mkuu aliuacha mlango wazi makusudi mpaka ukadhani kausahau! Akafunga, joto likapanda, likatulia panapotakiwa. Akaenda akamleta mtoto wa kweli, mikononi mwake.

Hapo nililia, mwanangu. Mteja wangu alikuja kuchukua suti, nikamsomea barua yote akiwa amesimama mlangoni. La kujumlisha nikamweleza mara mbili. Suti yake haikuwa tayari, wala hakuiulizia.

Mama wa fundi