Mpaini Wako Ungali Umesimama

S.L.P. 118,
Makambako.
17 Novemba 2024.

Mpendwa Kaka Amon,

Kamwene! Habari za Kigoma? Wifi Jackline hajambo? Na kifua cha mtoto kimepona? Sisi tunapumua, namshukuru Mungu. Mimi nimekonda, usinicheke, wewe ndiye uliyekuwa ukiniita pipa.

Mvua bado. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanapita kwenda Njombe.

Kaka, naandika kwa sababu kwenye simu nilishindwa. Ulipokosa ruhusa ya kuja kumzika Baba, tulikuambia alizidiwa na moshi shambani. Hakuwa shambani. Moto wa mtu aliyekuwa akisafisha shamba lake bondeni ulipotupandia ile Septemba, sote tulikimbilia barabarani, Baba akiwemo. Halafu akageuka. Alirudi kuupiga moto kwa matawi kwenye mpaini wako, ule aliopanda ubavuni mwa nyumba siku uliyozaliwa. Ulimwandikia aukate, najua. Alisema, "Mti wa mtoto haukatwi ilhali mwenyewe yu hai." Tulimkuta chini yake. Nimekuficha miezi miwili, nimechoka kuficha.

Nyumba ilipona, jiko ndilo lililoteketea. Uwanja nimeubadilisha wote. Mpaini wangu wa kuzaliwa niliukata mwenyewe, na mbona sijafa. Hatua kumi na tano kuzunguka nyumba ni udongo mtupu na mawe, na majani makavu nayafagia kila Jumamosi. Mbele nimepanda mishubiri, mpakani mikatani, mimea isiyodai maji wala kushika moto upesi. Wanakwaya wenzangu wananitania kwamba nimehamia makaburini. Wacha waseme, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Umebaki wako tu. Ni mkavu, mweusi, na umeinamia chumba cha Mama. Nilimleta Steven wa Yakobi na msumeno wake. Mama akaenda kukaa shinani, akamwambia, "Mwanangu yu hai, yuko Kigoma. Nenda zako, baba." Steven akaondoka bila hata kunywa chai.

Maji tunachota mbali siku hizi, ndoo mbili kwa siku. Mishubiri yangu haijaonja tone. Lakini kila asubuhi Mama anajaza kopo, anakwenda kuumwagilia mpaini wako. Nilimwambia mti umekufa. Alinikataza nisilitamke neno hilo tena pale nyumbani.

Kaka, nakuomba kwa machozi, njoo uukate wewe mwenyewe. Mama hajakuona miaka sita, na sauti ya simu haimtoshi tena. Akuone umesimama pale na shoka mkononi, ajue kwamba mti ukianguka wewe hudhuriki. Upepo wa mvua hautakusubiri.

Msalimie Wifi na mtoto. Shangazi Feliciana wa Kidugala anakusalimu sana. Bwana akulinde safarini, maana nataka kuamini kwamba utasafiri.

Dada yako akupendaye, hata anapokugombeza,
Lidia